Kupe wa mbwa wako ukutani: ufafanuzi kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Mtu anamwogesha mbwa wake Jumamosi kwa dawa aliyonunua kwenye duka la mifugo. Kupe wanadondoka, wengine wanakaukia palepale masikioni. Wiki mbili zikipita masikio yamejaa tena, na mwenye mbwa anaamua kwamba kauziwa dawa feki, au kwamba kupe wa siku hizi wameshaizoea. Yote mawili hutokea kweli. Lakini mara nyingi huku kwetu kusini sababu ni nyingine: kupe waliomrudia mbwa hawakuwa mwilini mwake siku ile alipoogeshwa. Walikuwa ukutani, kwenye nyufa za banda, nyuma ya mlango wa stoo, chini ya magunia ya korosho anayolalia.

Nimeona watu wakimhukumu mbwa kwa jambo hili, wakimfukuza nyumbani au kumpiga risasi kwa kuwa "ameleta kupe", nami naumia, kwa sababu tatizo linaeleweka na linatibika. Ila lazima tuanze kwa kumjua mdudu mwenyewe.

Kupe anayesumbua mbwa wengi wa majumbani, kuanzia Shangani na Chikongola pale Mtwara mjini hadi Masasi na Nachingwea, ni yule mdogo wa kahawia ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Tofauti yake na kupe wengi ni kwamba anaweza kumaliza maisha yake yote, kizazi kwa kizazi, ndani ya nyumba na banda bila kukanyaga majani. Hupita hatua nne. Yai huangua kupe mchanga mwenye miguu sita, mdogo kiasi kwamba ukimwona utadhani ni vumbi. Huyo hukua akawa kupe kijana wa miguu minane, halafu kupe mzima. Katika kila hatua baada ya yai hupanda juu ya mbwa mara moja, hunyonya damu kwa siku kadhaa, hushiba, kisha hujiachia mwenyewe na kudondoka. Akishuka hutafuta ufa mkavu wenye kivuli, hujivua gamba, hukaa humo akisubiri mbwa apite tena.

Ukijumlisha siku zote anazokuwa mwilini mwa mbwa, hazizidi wiki chache. Muda wote uliobaki yuko kwenye mazingira. Mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula chochote, akingoja. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa, ambayo mbwa wa mwisho aliondoka miezi mingi nyuma, humkaribisha mbwa mgeni kwa kupe siku ya kwanza tu.

Jike ndiye wa kumwogopa zaidi. Akishashiba huvimba akawa kijivu kama punje kubwa ya kunde, na huyo ndiye watu humwona na kumvuta. Wengi wakishamvuta humtupa chini. Hapo wamemsaidia, kwa sababu ndicho alichokuwa anaelekea kukifanya: kushuka, kutafuta ufa, kutaga. Ana tabia ya kupanda juu, kwa hiyo usishangae kumkuta kwenye kona ya ukuta karibu na paa, au kwenye fito chini ya makuti. Jike mmoja aliyeshiba vizuri hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000, mara moja, kisha hufa. Majike watano waliotupwa uani, hata wakitaga 2,000 kila mmoja, wanakuachia watoto 10,000. Kwa hiyo ukimng'oa kupe, mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti, funga kifuniko. Usimpasue kwa kucha, maana damu iliyomo inaweza kuwa na vimelea na vidole vyetu havikosi michubuko.

Sasa suala la joto. Katika nchi zenye baridi kali kupe hulala miezi kadhaa na mfugaji hupumua. Sisi hatuna mapumziko hayo. Upepo wa kusi ukivuma Juni na Julai tunajifunika mashuka na kusema kuna baridi, lakini usiku wa Mtwara hata wakati huo unacheza karibu na nyuzi 20, na kwa kupe hiyo si baridi ya kumzuia. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 safari nzima kutoka yai hadi mzima anayetaga inaweza kukamilika kwa miezi miwili hivi. Kaskazi ikianza, Novemba kwenda mbele, kasi inaongezeka. Newala na maeneo ya juu ya uwanda wa Makonde mambo huenda polepole kidogo, lakini hayasimami. Anayeniuliza msimu wa kupe wa nyumbani ni upi, namjibu kwamba ni mwaka mzima, na kwamba miezi ya joto huwazidisha tu.

Kupe wa porini ni habari nyingine. Mbwa anayefuatana na mwenyewe shambani, anayekimbiza ngedere na nguruwe pori kwenye mihogo, au anayekwenda mawindoni upande wa Liwale na Nanyumbu, hukumbana na kupe wanaokaa kwenye majani marefu, hasa mvua zinapokuwa zimekolea. Mmoja wao, Haemaphysalis, utoto wake huutumia kwa panya na wanyama wadogo, na akishakomaa humpanda mbwa. Tangu wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walipoingia Lindi na makundi ya ng'ombe, maeneo kadhaa yana kupe wa ng'ombe pia kwenye malisho. Ndigana kali inayoua ng'ombe haimpati mbwa. Ina vimelea vyake na kupe wake. Nalitaja kwa sababu dawa za ng'ombe nazo zimeingia madukani, na huko mbele tutaona madhara yake.

Kuna wengine wawili wanaochanganywa na kupe. Papasi wa kwenye nyumba za udongo hutoka usiku, hunyonya kwa dakika chache na kurudi mchangani, kwa hiyo huwezi kumkuta amening'inia sikioni; yeye ndiye mwenye homa ya papasi kwa binadamu. Viroboto wa kuku nao hujishikiza kwa mafungu kuzunguka macho na kingo za masikio ya watoto wa mbwa, weusi, wadogo, hawaondoki ukiwapapasa. Ukiwaona hao, tatizo linaanzia kwenye banda la kuku na ndiko kunakotakiwa kusafishwa kwanza.

Kupe hawamsumbui mbwa kwa kumwasha tu. Kwanza wanamaliza damu: kitoto cha mbwa cha wiki sita chenye kupe mwili mzima kinaweza kufa kwa upungufu wa damu peke yake. Pili, na hili ndilo zito, wanabeba vimelea. Kupe wa kahawia humwambukiza mbwa bakteria aitwaye Ehrlichia canis, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935 na ambaye miaka ya vita vya Vietnam aliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani. Ugonjwa huanza kwa homa na kukosa hamu ya kula kwa siku chache, kisha mbwa anaonekana amepona. Hajapona. Vimelea vimejificha, na miezi au hata miaka baadaye anaanza kukonda, damu inatoka puani bila kuumia, madoa mekundu yanatokea tumboni. Watu wengi huku wakiona damu ya pua husema mbwa kalishwa sumu na jirani. Kabla ya kugombana na jirani, chunguza kupe.

Ugonjwa wa pili ni babesia, unaovunja chembe nyekundu za damu. Fizi hupauka au kuwa njano, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, mbwa huchoka hadi kushindwa kusimama. Aina kali zaidi, Babesia rossi, inapatikana Afrika kusini ya Sahara na huletwa na yule kupe wa porini niliyemtaja. Inaweza kuua ndani ya siku chache. Na kuna kimelea cha tatu, Hepatozoon, ambacho mbwa hukipata kwa kumla kupe mwenyewe wakati anajikuna kwa meno, wala si kwa kuumwa naye.

Husemwa kwamba mbwa wa kienyeji haugui. Kuna ukweli kidogo: wengi wao wamekutana na vimelea hivi tangu utotoni na waliobaki hai ndio wenye nguvu. Lakini mbwa anaweza kubeba vimelea bila kuonyesha dalili, kupe akanyonya kwake na kumpelekea mwingine. Jamii ya mbwa wa polisi wa Kijerumani, ambayo siku hizi inapendwa kwa ulinzi wa majumba na maghala, huumizwa na Ehrlichia kuliko mbwa wengi. Anayeleta mbwa wa aina hiyo kutoka Dar es Salaam na kumweka kwenye banda la zamani ajue anamweka kwenye hatari kubwa.

Linaloniumiza zaidi kuliko yote ni vitu tunavyowapaka mbwa.

Huku kila kaya yenye mikorosho ina viuatilifu ndani. Salfa ya ubwiriunga, dawa za maji za mbu wa mikorosho, makopo yaliyobaki nusu kutoka msimu uliopita. Kishawishi ni kikubwa: dawa inaua wadudu, kupe ni mdudu, basi chovya kitambaa umpake mbwa. Dawa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya majani. Hupenya kwenye ngozi, na mbwa hujilamba. Dalili za sumu zinaweza kuonekana ndani ya muda mfupi: mate kutiririka, kutapika, kutetemeka, kujikojolea, degedege. Mbwa akipatwa na hayo, mwoshe haraka kwa maji mengi na sabuni, vaa glavu au mifuko mikononi, chukua kopo lenye jina la dawa uende nalo kwa daktari wa mifugo. Kopo ni muhimu, kwa sababu tiba inategemea sumu ni ipi.

Mafuta ya taa na oili chafu ya gari ni desturi nyingine iliyoenea. Huunguza ngozi, na mbwa akijilamba yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Kupe akimwagiwa mafuta ya taa au kuchomwa kwa kijiti cha moto anaweza kutapika mate yake ndani ya kidonda kabla hajaachia, na mate hayo ndiyo yanayobeba vimelea. Mng'oe kwa kibano: mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu kwa mkono uliotulia bila kuzungusha, kisha safisha pale kwa maji na sabuni.

Dawa ya josho la ng'ombe yenye amitrazi inaua kupe wa mbwa, na kuna amitrazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Hatari iko kwenye vipimo. Mtu anapima kwa kifuniko cha soda, anaongeza kidogo "iwe kali", na mbwa analala hoi, mapigo ya moyo yanashuka, anayumba akitembea. Isitumiwe kwa kitoto kichanga, kwa mbwa mgonjwa wala mwenye vidonda. Dawa nyingine maarufu, ivermektini ya sindano inayochomwa ng'ombe na mbuzi, watu huipenda kwa sababu inaondoa minyoo na upele. Kwa kupe wa mbwa haitegemeki, na ikizidishwa huathiri ubongo. Sioni sababu ya mtu kuitumia kwa kazi hii.

Na paka. Nyumba nyingi za pwani zina paka kuliko mbwa, wanaingia jikoni, wanalala na watoto. Amitrazi ni sumu kwa paka. Permetrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za kumwagia mbwa mgongoni na kupulizia nyumba, inaweza kumuua paka kwa degedege, hata akigusana tu na mbwa ambaye dawa yake haijakauka. Ukinunua dawa yoyote ya mbwa, swali la kwanza kwa muuzaji liwe: nina paka nyumbani, hii inafaa?

Dawa salama zaidi zipo, ingawa si rahisi kwa bei. Fiproni hupulizwa au kudondoshwa mgongoni. Mikanda ya shingoni yenye dawa hufanya kazi miezi kadhaa kama ni halisi. Halafu kuna vidonge vya kutafuna vilivyoanza kuuzwa duniani kati ya 2013 na 2014, vyenye afoksolana au fluralana. Cha kwanza hukinga kwa mwezi mmoja hivi, cha pili kwa takriban wiki 12. Kupe lazima amuume mbwa ndipo afe, kwa hiyo usishtuke ukimwona amepanda, hatakaa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kundi hili la dawa linaweza kuleta mitetemeko au degedege kwa mbwa wachache, kwa hiyo mbwa aliyewahi kupata kifafa asipewe bila ushauri wa daktari.

Navipendelea vidonge kwa sababu nyingine inayohusu maisha yetu. Wengi wetu ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Mbwa anakaa nje, analinda, hashikwishikwi. Ni sawa, na dini hiyohiyo inatutaka tumhurumie mnyama. Lakini mbwa asiyeguswa hakaguliwi, na kupe wake huonekana wakiwa wameshajaa. Kidonge kilichofichwa ndani ya kichwa cha samaki au tonge la ugali lenye mchuzi kinamkinga mbwa bila mtu kumshika kabisa. Kwa ukaguzi, vaa glavu na umtazame walau mara moja kwa wiki, ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, shingoni. Kama ni mbwa wa shambani, mtazame kila anaporudi. Ehrlichia inaweza kumwingia mbwa ndani ya saa chache tangu kupe ajishikize, kwa hiyo kung'oa peke yake hakutoshi, ila kunapunguza mzigo.

Turudi ukutani, ambako ndiko vita hii huamuliwa. Mbwa aliyekingwa vizuri ni mtego: kila kupe mwenye njaa anayetoka kwenye ufa na kumpanda anakufa kabla ya kutaga. Hii ndiyo sababu kumfukuza mbwa ni kosa, na kumpa dawa mara moja kisha kuacha ni kosa vilevile. Kinga iendelee miezi mitatu mfululizo angalau, bila pengo, kwa mbwa wote wa boma kwa wakati mmoja. Ukimtibu mmoja na kumwacha mwenzake, huyo wa pili anawalea kupe wa wote wawili. Vivyo hivyo kwa mbwa wa jirani anayeingia uani usiku. Ni vizuri majirani wapatane siku moja.

Wakati huohuo shughulikia banda. Magunia ya zamani anayolalia yachome moto. Mpe kitu kinachofulika na kuanikwa juani, au mbao tupu zilizoinuliwa kutoka chini. Nyufa za ukuta wa udongo zizibwe kwa udongo mpya uliokandwa vizuri. Za nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Mikindani na Kilwa Kivinje, zinahitaji chokaa au saruji, na ni kazi, lakini bila hiyo kupe wana maficho yasiyoisha. Maji yanayochemka yakimiminwa kwenye nyufa za sakafu na kona za banda huua kupe na mayai kwa gharama ya kuni tu. Ukipulizia dawa iliyoruhusiwa kwa mabanda, mtoe mbwa, paka, kuku na watoto hadi ikauke, pulizia hadi juu karibu na paa, na urudie kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa mayai mengi huponea na huangua baadaye. Fyeka majani kuzunguka nyumba. Hilo linasaidia kwa kupe wa porini na panya wao. Kuku hula kupe wanaowaona, ila hawawafikii walio kwenye nyufa, kwa hiyo wasitegemewe.

Kati ya mwaka 2010 na 2015 mikoa yetu ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa chanjo ya kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, na tangu hapo watu wengi wamezoea kuwapeleka mbwa uwanjani siku ya chanjo. Kwa mbwa wengi hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka wanayomwona mtaalamu. Itumie. Mwambie akague kupe na fizi, umuulize ni dawa gani inapatikana karibu. Chanjo ya kichaa haikingi magonjwa ya kupe, na huku kwetu hakuna chanjo ya kuyategemea.

Mbwa akianza kuzubaa na kukataa chakula, usimchome sindano ya kubahatisha. Mwombe daktari wa mifugo achukue tone la damu lipimwe kwa darubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mtwara. Tofauti ni kubwa, kwa sababu babesia na Ehrlichia hazitibiwi kwa dawa moja. Diminazini, ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua, hutumika kwa babesia, lakini kwa mbwa umbali kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kuua ni mdogo sana, na kuirudia baada ya siku chache kunaweza kumwaga damu kwenye ubongo. Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini kila siku, kwa kawaida siku 28. Mbwa wengi huchangamka ndani ya siku mbili au tatu, na hapo ndipo wenye mbwa wengi huacha kununua vidonge. Nunua vya siku zote 28 kwa mkupuo kama unaweza, na kila kimoja kiende na chakula na maji.

Na kama mtu wa nyumbani ameumwa na kupe, kisha akapata homa, maumivu ya kichwa au vipele mwilini, na kipimo cha malaria kikaonyesha hana, amweleze mganga zahanati habari ya kupe. Kupe huyuhuyu wa kahawia anaweza kumwambukiza binadamu homa ya madoa, na mganga asipoambiwa hana sababu ya kuifikiria.